Manyoya Kumi na Sita

Ukumbini Govan, saa nne usiku, zimebaki taa mbili,
nafagia manyoya.
Bata bukini wa wapi, sijui. Bawa la kushoto tu,
maana ukichanganya na la kulia kinyoya huyumba hewani.
Kumi na sita katika kila kizibo.
Usiku wa kwanza niliyahesabu nikacheka peke yangu:
mizani ya mshororo kamili,
nane ukwapi, nane utao,
kama alivyonigongea baba kwa kidole mgongoni
nilipokataa kulala.

Ukutani, picha za timu ya taifa ya Uskoti.
Nazipangusa za kale kwanza.

Hawa wa sketi ndefu na soksi za sufu
walipanda treni ya alfajiri kwenda kwa Waingereza,
wakarudi na tisa bila.
Nahodha wao, Ishbel Garvock, kashika raketi
kama mgeni aliyeshikishwa mwiko jikoni kwa watu.
Mwaka uliofuata, tisa bila.
Uliofuata tena, nane kwa moja,
na hiyo moja, aniambia Dunsmuir mtunza funguo,
Paisley nzima waliinywea hadi Jumatatu.

Hapa pana msumari, picha hamna.
Vita. Ukumbi ulijaa vitanda,
na wavu, asema Dunsmuir, ulifunika kabichi za mtu.

Kisha Torquil Baird, tarishi wa Oban,
aliyepiga kombora kama anayegonga mhuri.
Baridi ya mwaka ule bomba la joto lilipasuka,
wakacheza na Wadenishi wamevaa makoti,
wakashindwa kwa heshima,
na heshima ikaandikwa kwenye kumbukumbu za chama
kana kwamba ni kikombe.

Picha ya rangi ya kwanza imeshageuka chai ya maziwa.
Pembeni kabisa, bega moja nje ya fremu,
msichana mwenye msuko mmoja mrefu.
Maandishi chini: N. Lachlan, akiba.

Nilipita picha hiyo miezi saba
bila kujiuliza Lachlan gani huyo.

Alhamisi moja, saa ya wachezaji wazee,
kinyoya kiligusa wavu kikaanguka upande wake.
"Ala! Shenzi wewe!"
Ufagio ukanitoka mkononi.

Nimisha Lakhani. Kisumu, nyuma ya soko.
Alijifunza kwa kupiga ukuta wa duka la baba yake
mpaka chokaa ikaisha, akapigwa yeye.
Wakaja huku mwaka wa sitini na nane,
masanduku mawili, raketi moja ndani ya blanketi.
Katika timu ya taifa alichezeshwa mara moja tu, Cardiff,
mwenzake alipoteguka kifundo.
Akashinda seti ya tatu.
Gazeti la asubuhi likamsifu Bi Lachlan.

Nikamuuliza mbona hukuwasahihisha.
Akafuta miwani kwa pindo la fulana.
"Mwanangu, mwaka ule
Lachlan alipata nyumba ya kupanga
kuliko Lakhani alikojibiwa mlango."

Usiku ule nilikata kipande cha gundi ya karatasi,
nikaandika jina lake kwa kalamu ya wino,
nikakibandika juu ya lile. Kilikaa upogo.
Asubuhi nilikikuta kimenyooshwa.
Dunsmuir hakusema neno, nami sikumuuliza.

Sasa hakimbii tena. Husimama katikati
akingoja kinyoya kimfuate, na aghalabu humfuata.
Kilichovunjika unyoya mmoja hunirushia mimi,
"Kumi na tano hizo, mshairi, utafanya nini nazo?"

Jana nikamsomea mstari niliomtungia:
Kinyoya kikishapigwa, hakijui pa kutua.
Akauhesabu kwa vidole vya mkono wa raketi,
polepole, midomo ikicheza.
"Imezidi moja," akasema.
Haikuzidi.
Tukabishana mpaka taa zikazimwa,
na hata kizani nikasikia kidole chake
kikigonga mpini, kikianza upya.